Ulinzi wa lazima: Wakorea, benki zao na programu tisa

Mwenye akaunti ya benki nchini Korea Kusini akitaka kuangalia salio lake kwa kompyuta, mara nyingi hafiki moja kwa moja kwenye kisanduku cha nywila. Ukurasa unamsimamisha mlangoni. Unamwambia kompyuta yake imepungukiwa na programu za usalama, kisha unamwekea orodha: moja ya kulinda kibodi, moja ya kuzuia wavamizi wa mtandao, moja ya kusoma vyeti vya kidijiti, moja ya kuitambua kompyuta yenyewe, na pengine nyingine ambayo kazi yake ni kuzisakinisha hizo zote. Anabonyeza. Windows inamuuliza kama ana hakika, anakubali. Inamuuliza tena, anakubali tena. Anafunga kivinjari, anakifungua upya, na ukurasa unasema bado moja haijaingia. Kesho yake akihamia benki nyingine iliyonunua bidhaa za kampuni tofauti, kazi inaanza mwanzo.

Mtanzania aliyezoea kupiga *150*00# akamaliza shughuli zake kabla daladala haijafika kituoni, akienda Seoul kusoma anaweza kudhani kompyuta yake imevamiwa. Wenyeji wamezoea. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka 20, na kizazi kizima hakijawahi kuona benki ya kwenye kompyuta isiyodai hivyo.

Januari 2, 2023, Wladimir Palant, mtafiti wa usalama wa kompyuta aliyeko Ujerumani na ambaye wengi wanamfahamu kama mwanzilishi wa Adblock Plus, programu ya kuzuia matangazo kwenye kivinjari, alitangaza kwamba amezichunguza baadhi ya programu hizo, amekuta mianya mikubwa, na angeichapisha kwa awamu. Tangazo peke yake, kabla hata maelezo ya kiufundi hayajatoka, lilipokewa Korea kwa kishindo. Ninachotaka kukichambua hapa ni mapokezi hayo na yaliyofuata baadaye, kwa sababu yanaeleza jambo ambalo orodha ya mianya peke yake haielezi. Watu hawakushtuka. Walikuwa wakijua kwa miaka mingi kwamba wanabebeshwa mzigo usio na faida kwao. Hawakuwa na ushahidi tu. Ushahidi ulipokuja, na ukaja tena, na ukaja tena, programu zilibaki palepale. Kwa maoni yangu sababu haipo kwenye teknolojia. Ipo kwenye swali la nani analipa fedha zikiibiwa.

Kilichokutwa ndani

Awamu ya kwanza ilitoka Januari 9, na ilihusu TouchEn nxKey, bidhaa ya kampuni ya RaonSecure. Lengo lake kwenye karatasi linaeleweka. Kuna programu haribifu ambazo hujificha kwenye kompyuta na kurekodi kila herufi unayobonyeza, nywila ikiwemo. TouchEn nxKey inakaa ndani kabisa ya Windows, inazidaka herufi kabla programu nyingine haijaziona, inazisimba, kisha inazikabidhi kwa ukurasa wa benki zikiwa fumbo. Kiendelezi chake cha kivinjari cha Chrome peke yake kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 10, katika nchi ya watu wasiozidi milioni 52. Hakuna shaka kwamba si wote hao waliamka asubuhi wakakitafuta kwa hiari yao.

Palant alikuta kwamba programu hiyo haikuwa ikibagua sana inamtumikia nani. Ukurasa wowote wa wavuti, si wa benki tu, uliweza kuzungumza nayo. Na ile sehemu ya ndani inayodaka herufi iliweza kuombwa na programu yoyote iliyopo kwenye kompyuta, hata isiyo na mamlaka ya msimamizi, nayo ikaanza kuipa kila herufi inayobonyezwa. Hapo inafaa kusimama kidogo. Mwizi anayetaka kurekodi kibodi ya mtu kwa kawaida ana kazi mbili ngumu: kuandika programu ya kurekodi, na kuificha isikamatwe na programu za kuondoa virusi. Kwenye kompyuta ya mteja wa benki ya Korea kazi zote mbili zilikuwa zimeshafanywa na kampuni ya usalama. Kinasa herufi kilikuwepo tayari, kikiwa na saini halali, kinaaminiwa na mfumo wote. Kilichohitajika ni kukiita.

Awamu ya pili, Januari 25, iliihusu IPinside ya kampuni ya Interezen. Hii kazi yake ni kuitambua kompyuta ya mteja ili benki ijue kama anayeingia leo ni yuleyule wa jana. Inakusanya namba za utambulisho za diski, anwani za vifaa vya mtandao, na anwani halisi ya intaneti ya mtu hata kama ameificha. Taarifa hizo zilitakiwa ziende benki zikiwa zimesimbwa, lakini tovuti yoyote iliyoomba ilipewa. Usimbaji wenyewe ulitumia ufunguo wa RSA wa biti 320. Kwa asiyezoea mambo haya: RSA ni aina ya usimbaji ambayo ufunguo wake ukiwa na biti chache huvunjika kirahisi, na kwa aina hii kiwango cha chini kinachokubalika leo ni biti 2048. Palant aliuvunja ule wa 320 kwa kompyuta yake mwenyewe ndani ya saa chache, kwa programu ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua bure.

Machi akafuatisha na Veraport ya kampuni ya Wizvera, ile inayosimamia usakinishaji wa nyingine zote. Sitaizungumzia kwa kirefu. Inatosha kusema kwamba programu yenye mamlaka ya kuingiza programu nyingine kwenye mamilioni ya kompyuta ilipaswa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko zote, na haikuwa hivyo.

Palant alifuata utaratibu uliozoeleka wa watafiti. Aliripoti alichokiona Oktoba 2022 kwa KrCERT, kitengo cha dharura za kompyuta kilicho chini ya KISA, shirika la serikali la usalama wa intaneti, akawapa wahusika siku 90 kabla ya kuchapisha. Marekebisho yalitengenezwa. Tatizo likawa kuyafikisha kwa watu, na hapa ndipo mfumo mzima unapojianika. Programu ya kawaida ikirekebishwa hujisasisha yenyewe. Hizi haziendi hivyo. RaonSecure inaipa benki toleo jipya. Benki inalijaribu, inalipanga kwenye ratiba yake, kisha inaliweka kwenye tovuti yake. Na mteja analipata siku atakayoingia benki hiyo na kuambiwa toleo lake ni la zamani. Mteja aliyesakinisha kwa ajili ya benki moja miaka mitatu iliyopita, akaacha kuitumia, anabaki na toleo lenye tundu, linawaka kila akiwasha kompyuta, na hakuna anayemkumbuka.

Ilianzaje

Kuwalaumu Wakorea kwa ujinga ni rahisi, na si haki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliuhesabu usimbaji imara kuwa ni kama silaha, ikazuia usisafirishwe nje. Vivinjari vilivyouzwa nje ya Marekani vilikuwa na ufunguo wa biti 40, kiwango ambacho hata wakati ule kilikuwa kinavunjika. Korea ilitaka watu wafanye biashara na benki kwenye intaneti mapema kuliko karibu nchi zote duniani, na haikuwa tayari kungoja ruhusa ya Washington. Wataalamu wake wakaunda usimbaji wao wa biti 128, SEED, mwaka 1998. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya saini za kidijiti, na wananchi wakaanza kupewa vyeti vya kidijiti vya kuthibitisha wao ni nani.

Kwa kuwa Internet Explorer haikuijua SEED, ilibidi iongezewe kwa njia ya ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyoruhusu ukurasa wa wavuti kuingiza programu moja kwa moja kwenye Windows. Kwa mwaka 1999 ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini Januari 2000 Marekani ikalegeza masharti yake, na sababu ya mwanzo ikafa. Kilichoanzishwa kwa dharura kikawa sheria, sheria ikazaa soko, soko likazaa makampuni yenye wateja ambao hawana hiari. Juu ya usimbaji ikaja kinga ya kibodi, juu ya kinga ya kibodi ikaja nyingine, kila wizi ukizaa programu yake.

Waliopinga walikuwepo. Profesa Kim Keechang, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Korea, aliongoza harakati ya Open Web, akaipeleka mahakamani taasisi mojawapo ya kutoa vyeti kwa sababu huduma zake zilimtaka mtu atumie Internet Explorer tu. Mahakama ya Juu ikamkatalia mwaka 2009.

Kilichowaamsha wanasiasa hakikuwa hoja ya usalama hata kidogo, lilikuwa koti. Mwanzoni mwa 2014 watazamaji wa China walikipenda kipindi kimoja cha televisheni cha Korea, wakataka kununua koti alilovaa mhusika mkuu wa kike. Maduka ya Korea yalikuwa nalo. Ila kulilipia kulihitaji ActiveX na cheti ambacho mgeni hawezi kukipata. Machi 20, 2014, Rais Park Geun-hye alilitaja koti hilo kwenye mkutano wa kupunguza masharti ya biashara uliorushwa moja kwa moja, na maofisa waliokuwa wakisema kwa miaka kumi kwamba haiwezekani wakagundua kwamba inawezekana. Mwaka 2015 masharti ya fedha yaliyozilazimisha benki kumsakinishia mteja programu za usalama yaliondolewa.

Benki hazikuziondoa. ActiveX ilipobanwa, programu zilezile zikarudi kama faili za kawaida za kupakua na kusakinisha. Kwa mteja tofauti ilikuwa ndogo, pengine mbaya zaidi, maana sasa zilikaa na kufanya kazi muda wote, hata benki ikiwa imefungwa. Cheti cha zamani nacho kilinyang'anywa hadhi yake ya pekee kisheria Desemba 10, 2020, na programu zikaendelea.

Watu walisemaje

Turudi kwenye mapokezi ya 2023. Wasomaji wa Korea waliyatafsiri maandishi ya Palant kwa Kikorea kwa kujitolea, na vyombo vya habari vya teknolojia vikayachukua. Jambo lililojitokeza zaidi kuliko hasira lilikuwa aina ya faraja yenye uchungu: hatimaye mtu wa nje amesema. Miaka yote hiyo mteja aliyelalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito baada ya kuingia benki aliambiwa ni kwa usalama wake. Wahandisi wa Korea wenyewe walikuwa wakisema, lakini mhandisi anayefanya kazi benki au kwenye kampuni inayoiuzia benki hawezi kuichambua hadharani bidhaa ya mshirika wa mwajiri wake na kesho akaripoti kazini kama kawaida. Palant hakuwa na mwajiri Seoul wala mteja huko.

Kejeli ilikuwepo kabla yake. Juni 2022, Microsoft ilipoistaafisha Internet Explorer, mhandisi mmoja wa programu alitumia won 430,000 kuchongesha jiwe la kaburi lenye nembo ya kivinjari hicho na kuliweka kwenye mgahawa mjini Gyeongju. Maandishi yake yalimsifu marehemu kwa kuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Dunia nzima ilicheka. Wakorea walicheka kwa namna nyingine, kwani wengi wao walilazimishwa kuishi na marehemu huyo kwa miongo miwili kwa sababu ya benki.

Vitendo vinasema zaidi ya kejeli. Wapo waliotenga kompyuta kuukuu kwa ajili ya benki tu, isiguse kitu kingine. Wapo wanaoziendesha programu hizi ndani ya kompyuta ya kuigiza, ambayo wanaifuta wakimaliza. Ipo programu ndogo ya bure, maarufu sana Korea, ambayo kazi yake pekee ni kuzitafuta programu za usalama za benki kwenye kompyuta na kuziondoa zote kwa mara moja. Mtu anaingia benki, anasakinisha, analipa kodi ya nyumba, anatoka, anasafisha. Mwezi ujao anarudia. Ningeulizwa kipimo cha imani ya umma kwa programu za usalama, nisingehitaji kingine zaidi ya hicho.

Na wapo waliopiga kura kwa miguu. KakaoBank ilifunguliwa Julai 2017, benki isiyo na matawi, ya kwenye simu tu. Ilipata wateja zaidi ya milioni moja ndani ya wiki ya kwanza. Si kwamba programu za simu za Korea ni safi kabisa, lakini mtu alifungua akaunti akiwa kitandani bila kusakinisha orodha yoyote, na hilo lilitosha.

Kampuni nazo zilijibu kama zinavyojibu kampuni popote: marekebisho yapo, yanasambazwa. Ni kweli yalikuwepo. Lakini jibu hilo linahusu tundu lililotajwa, na halisemi chochote kuhusu kwa nini mtu yeyote awe na kinasa herufi ndani ya kompyuta yake ili aone salio.

Kuna pia hoja ambayo hujitokeza kila utafiti wa namna hii unapochapishwa, na kwa nchi inayopakana na Korea Kaskazini ina uzito: kwamba kueleza tundu hadharani ni kumpa adui ramani. Ningeichukulia kwa uzito zaidi kama adui angekuwa anasubiri ramani ya Palant. Novemba 2020 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilishaeleza jinsi kundi la Lazarus, linalohusishwa na Korea Kaskazini, lilivyoitumia Veraport kuingiza programu haribifu kwenye kompyuta za Wakorea kupitia tovuti halali zilizodukuliwa. Kundi hilo lilishaelewa kitu ambacho wateja walilazimika kungoja miaka zaidi ya miwili wakisome kwa kina: programu iliyolazimishwa kwa kila mtu ni lengo moja lenye mamilioni ya milango.

Kisha, Machi 30, 2023, wiki tatu na ushee baada ya chapisho la Veraport, idara ya ujasusi ya Korea Kusini yenyewe ikatoka na taarifa. Wadukuzi wa Korea Kaskazini walikuwa wametumia tundu kwenye INISAFE CrossWeb EX, programu ya vyeti ya benki iliyokuwa kwenye kompyuta zaidi ya milioni 10, kuzivamia kompyuta 210 katika taasisi zipatazo 60. Uvamizi huo ulifanyika mwishoni mwa 2022. Hiyo si programu aliyoichapisha Palant. Ni nyingine, kutoka kwenye orodha ileile.

Taarifa hiyo ilibadilisha mazungumzo. Malalamiko ya mteja kuhusu kompyuta nzito yakawa suala la usalama wa taifa, na serikali ikajikuta upande mmoja na walalamikaji. Novemba mwaka huohuo ilikuwa zamu ya MagicLine4NX, nayo ni ya vyeti, nayo imetumiwa na Lazarus. Safari hii idara ya ujasusi ilishirikiana na makampuni ya kuondoa virusi ili matoleo ya zamani yafutwe kwenye kompyuta za watu, kwa sababu kuwatangazia waziondoe wenyewe hakukufua dafu. Mtu hawezi kuondoa kitu asichojua kama anacho. Programu ya usalama iliyoingizwa kwa amri sasa inasakwa kama kirusi: sijui ni taasisi gani ingeweza kutoa tathmini kali kuliko hiyo.

Fedha zikiibiwa

Kifungu cha 9 cha sheria ya Korea ya miamala ya fedha ya kielektroniki, iliyoanza kutumika 2007, kinaiweka hasara ya wizi wa aina hii kwa taasisi ya fedha. Kwa maandishi, mteja amelindwa vizuri. Lakini kina mwanya: benki inaweza kumtwisha mteja hasara yote au sehemu yake ikiwa alifanya makusudi au alizembea kupita kiasi. Kila mgogoro unageuka kuwa mjadala wa uzembe, na benki inaingia kwenye mjadala huo ikiwa na orodha ya programu ilizomtaka mteja asakinishe.

Ni sawa na mwenye nyumba anayemlazimisha mpangaji kuajiri askari tisa kutoka kampuni tisa, kila mmoja akiwa na ufunguo wa chumba cha kulala, na siku kitu kikipotea swali lake la kwanza ni kama askari wote tisa walikuwa wameajiriwa.

Ukiitazama kwa jicho hilo, mambo mengi yasiyoeleweka yanaeleweka. Inaeleweka kwa nini 2015 sharti liliondolewa na programu zikabaki: benki haikuwa ikizitumia kwa kuwa sheria inataka tu, ilikuwa ikizitumia kwa kuwa zinaonyesha kwamba imefanya yanayofanywa na wenzake. Inaeleweka kwa nini ubora wa ndani ulikuwa duni, funguo za biti 320 na kadhalika. Anayenunua ni benki, anayetumia ni mteja, na benki inachohitaji ni programu kuwepo. Soko ambalo mtumiaji hawezi kukataa halina sababu ya kuandika programu nzuri. Benki nyingi duniani zilichukua njia nyingine: ziliacha kompyuta ya mteja kama ilivyo, zikadhani tayari imeharibika, zikaweka ulinzi upande wao, kwenye seva na kwenye kuufuatilia muamala usio wa kawaida, pamoja na uthibitisho wa pili kwenye simu. Njia hiyo nayo ina mashimo yake, hasa pale mteja anapodanganywa kwa simu akatuma fedha mwenyewe. Ila haimwongezei mlango mpya nyumbani kwake.

Haki inanitaka niseme pia kwamba wapo wataalamu wa Korea waliojenga programu hizi kwa nia njema, kwenye miaka ambayo kompyuta za mikahawa ya intaneti zilikuwa zimejaa vinasa herufi na mteja hakuwa na simu ya kumthibitisha. Kinga ya kibodi ya mwaka 2003 ilikuwa na tatizo la kweli la kutatua. Ya mwaka 2023 ilikuwa ikitatua tatizo la mkataba.

Utafiti wa nyumbani

Mwaka 2025 yalitoka majibu ambayo hayakuweza kuambiwa ni ya mgeni asiyeielewa Korea. Watafiti wa KAIST, chuo maarufu cha sayansi na teknolojia, wa Chuo Kikuu cha Korea, Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan na kampuni ya usalama ya Theori walizichambua programu saba kuu za aina hii, wakakuta mianya 19, na kazi yao ikapokelewa kwenye USENIX Security, mkutano wa kimataifa wa utafiti wa usalama wa kompyuta. Aina za mianya zinafanana na zile za 2023: kuvuja kwa herufi za kibodi, kuibwa kwa vyeti, mtu wa katikati kusikiliza mawasiliano, hata kuendesha programu kwenye kompyuta ya mtu kutoka mbali.

Kilichonivutia zaidi ni sehemu yao ya pili, waliyokwenda kwa watu. Katika wahojiwa 400, asilimia 97.4 walikuwa wamewahi kusakinisha programu hizo ili watumie huduma za benki. Asilimia 59.3 walisema hawajui zinafanya nini. Walipozikagua kompyuta halisi 48, walikuta wastani wa programu tisa kwenye kila moja, nyingi zikiwa za matoleo ya 2022 au ya kabla ya hapo.

Tisa. Na karibu watu sita katika kila kumi hawajui ni za nini. Tumezoea kusema watumiaji ni dhaifu wa usalama kwa sababu wanabonyeza "kubali" bila kusoma. Hapa ni benki yenyewe iliyowafundisha kubonyeza "kubali", miaka 20 mfululizo, kila mwisho wa mwezi. Mtu aliyezoezwa hivyo, akikutana na tovuti bandia inayomwambia asakinishe programu ya usalama kwanza, atasita kwa sababu gani?

Oktoba 22, 2025, baada ya mwaka uliojaa udukuzi wa makampuni makubwa, serikali ya Korea ilitangaza mpango wa pamoja wa usalama wa taarifa. Mojawapo ya mambo yake ni kuzuia hatua kwa hatua, kuanzia 2026, taasisi za fedha na za umma zisimlazimishe mwananchi kusakinisha programu za usalama, na badala yake zitumie uthibitisho wa njia zaidi ya moja na mifumo ya akili bandia ya kunusa miamala yenye mashaka. Ni ushindi kwa waliopiga kelele tangu enzi za Open Web. Tofauti na 2015, safari hii kinachopigwa marufuku ni kulazimisha kwenyewe, badala ya kumwondolea benki wajibu na kutegemea kwamba itaacha. Mimi ningeuangalia mpango huo kwa mambo mawili. La kwanza ni kama maneno ya uzembe uliopita kiasi kwenye kifungu cha 9 yatafafanuliwa upya, kwani mahakama na benki zikiendelea kuyatafsiri kama zamani, benki itatafuta kitu kingine cha kumtaka mteja afanye. La pili ni dogo zaidi na la kuchosha zaidi. Kuacha kudai programu hakuzifuti zilizokwishaingia. Mteja aliyeingia benki mara ya mwisho 2021 bado anazo, zinawaka kila asubuhi anapowasha kompyuta, zikisubiri ukurasa wowote uziite.